Injini Iliyotoka Kambu

Kasikeu, Jumamosi 16 Novemba 1991

Daftari hili lilikuwa la Kemia. Limebaki na kurasa nyingi nyeupe na mwaka ujao nikiingia Form Four tutapewa mapya, kwa hivyo hili nimelichukua liwe langu. Shule ilifungwa jana. Nimekuwa nambari tatu. Kwenye ripoti mwalimu wa darasa ameandika kwa Kiingereza kwamba mimi ni mnyamavu kupita kiasi. Baba, ambaye sisi nyumbani tunamwita Nau, aliniuliza maandishi hayo yanasema nini. Nikamwambia yanasema nina adabu.

Huo ndio uongo wa kwanza humu ndani. Nimeamua mengine yote yatakuwa kweli.

Jumatatu 18 Novemba

Leo Sista Kalondu wa zahanati ndiye aliyeleta gari lake, si gari kumleta yeye. Vijana wanne walilisukuma Golf lake la kijani, lile la mlango wa nyuma unaoinuka pamoja na kioo, mpaka chini ya mti wa mukau uani kwetu, ambapo ndipo gereji ya Nau. Nau alifungua boneti, akamwambia Kisilu apige stata, akainamisha kichwa kusikiliza kama daktari. Kisilu ni msaidizi wake tangu mimi nikiwa darasa la pili. Mikono yake ni mizuri ila mdomo hauna breki.

"Pistoni imetoboka," Nau alisema.

"Kumaanisha?"

"Kumaanisha umekuwa ukiendesha sufuria, Sista," Kisilu akajibu.

"Wewe Kisilu, siku utaletwa kwangu kudungwa nitachagua ile sindano ya ng'ombe."

Walicheka, lakini Sista hakucheka sana. Amehamishiwa Kwa Vonza, huko Kitui, na anatakiwa kuripoti tarehe mbili Januari. Vijiji atakavyozunguka huko viko mbalimbali na bila gari hatafika kwa mama wajawazito. Alipitia kwanza kwa Mulei, yule aliyefungua gereji Sultan Hamud yenye shimo la saruji na taa za umeme. Mulei amemwambia auze Golf kwa kilo, chuma chakavu.

Nau alifunga boneti. Kisha akasema, "Nitakuwekea dizeli. Yenye turbo."

Habari ilifika kwa buchari kabla ya chai ya saa kumi. Wanaume waliokaa pale walimwita wakamcheka. Mwenye buchari alisema, "Mutiso, unataka kuweka moyo wa fahali kwa kuku?" Nau alisimama pale mbele yao wote. "Kuku huyo atapanda mlima wa Kilungu na gia ya tatu. Na injini ikikataa, spana zangu zote nauza, narudi kwa jembe."

Mwaitu, mama yangu, aliposikia aliweka mwiko chini. "Jembe," alisema. "Kwani hizo spana si ndizo shamba letu?"

Tangu Mulei aje, wateja wa Nau wamehama mmoja mmoja. Nilijua. Ila sikujua kwamba yeye naye anajua.

Jumatano 20 Novemba

Kambu, pamoja na Nau. Jua kali, vumbi, malori ya Mombasa yakipita moja kwa moja bila hata kutuona. Mahamud ana uwanja kando ya barabara. Anauza mbuzi upande mmoja na vipande vya magari yaliyoanguka upande wa pili. Ana Jetta iliyogongwa nyuma na lori. Buti limeingia mpaka kiti cha dereva, lakini mbele ni nzima kabisa, kama mtu aliyevunjika mguu na uso unatabasamu. Injini ni turbo dizeli. Ni ukoo mmoja na ile ya Golf.

Nau aliizunguka mara tatu. Alitia kidole ndani ya turbo akakizungusha kile kifeni kidogo kinachosukumia injini hewa, kikazunguka bila kukwaruza.

"Baada ya ajali ilikuwa bado inanguruma, sisi ndio tuliizima," Mahamud alisema. "Fundi, mimi sikupi karatasi. Nakupa neno. Iko hai."

Kisha akatoa kitabu cha injini kwenye droo ya dashibodi. Ni kinene, cha Kiingereza, kina michoro. Nau alikipokea akakigeuzageuza. Nau alisoma mpaka darasa la nne. Injini za petroli anazijua kwa sikio, ila ya turbo hajawahi kufungua hata moja. Hilo aliniambia mimi peke yangu tukiwa njiani.

"Huyu msichana anasoma?" Mahamud akauliza.

"Anasoma."

"Basi kitabu ni chake."

Nilitaka kusema asante. Ilitoka pumzi tu.

Ijumaa 22 Novemba

Injini imefika kwa lori la Mahamud, katikati ya mbuzi wanaopelekwa Nairobi. Mmoja alikuwa amelala juu yake. Kisilu anasema hiyo ndiyo baraka.

Jumatatu 25 Novemba

Joto. Mawingu yanakuja saa nane, yanatuangalia, yanaenda zao. Mbegu ziko ardhini tayari na mvua imechelewa wiki tatu. Mwaitu anachota maji umbali wa saa moja na nusu.

Mimi nakaa juu ya tairi nasoma kwa Kiingereza, nasema kwa Kikamba, na huku naandika kwa Kiswahili. Kichwa kimekuwa na milango mitatu. Nau haniingilii. Anauliza tu, "Kitabu kinasema nini?" Sauti yangu nikisema habari za injini haitetemeki. Nimeligundua leo.

Jumatano 27 Novemba

Injini ya zamani imetoka. Tumeosha mpya kwa dizeli na brashi, mpaka nambari zake zikaonekana. Mikono yangu inanuka. Nimefurahi.

Ijumaa 29 Novemba

IMENYESHA!

Ilikuja saa tisa kutoka upande wa Kilungu kama ukuta. Mwaitu alipiga kelele, "Kalunde! Usiache chombo hata kimoja!" Asiyejua kwetu hawezi kuelewa. Mvua ya kwanza ikigonga mabati, kila mtu anakuwa mwehu wa heri. Kila mfereji wa bati unamwaga uzi wake wa maji, na kila uzi lazima upate chombo chake. Nilitoa sufuria, karai, ndoo, beseni la mtoto wa jirani, kibuyu, mitungi yote ya lita ishirini niliyoipata uani nikiing'oa vifuniko bila kuangalia. Mwaitu alikuwa anacheka amelowa mpaka kitambaa kimemtoka. Kisilu alikinga kwa kofia yake.

Ilipoisha tulimimina kwenye pipa. Mtungi mmoja ulikuwa na maji machache yenye rangirangi juu, nikauweka kando ya ghala, nisiharibu maji ya kunywa. Nitaumwaga kesho.

Usiku huu naandika nikisikia vyura. Walikuwa wapi miezi yote hii?

Jumanne 3 Desemba

Shamba. Wote.

Jumatano 4 Desemba

Shamba. Kunde zimechomoza.

Jumanne 10 Desemba

Leo injini imeingia. Tulifunga mnyororo kwa tawi la mukau, Kisilu akavuta, Nau akaelekeza kwa mabega, mimi nikalala chini kuangalia monting, vile vishikio vya injini. Ilishuka polepole kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiamini. Boliti tatu zilikubali mara moja. Ya nne ilitaka tujadiliane nayo mpaka saa kumi na moja.

Rejeta ya Golf ni ndogo kwa injini hii, kitabu kinasema hivyo. Nau amepata kubwa ya pikapu na anakata chuma kuipa nafasi.

Jumamosi 14 Desemba

Nina jambo la kujisifu. Kwa kuwa hakuna atakayesoma, najisifu.

Nau alikuwa anataka kuziba bomba dogo linalotoka kwenye pampu ya dizeli. Golf la petroli lilikuwa na bomba moja tu la kupeleka mafuta, la kurudisha halikuwepo, na yeye alidhani hilo ni la ziada. Nilikuwa nimeshasoma. Dizeli inayobaki lazima irudi kwenye tangi. Nilizunguka gari mara mbili nikitafuta ujasiri. Mwishowe nikasema, "Nau, hilo ukiziba, mafuta yatakosa pa kurudia." Kisilu akasema, "Eti mafuta yanarudi! Yanaenda likizo?" Lakini Nau alisimamisha mkono. Akaniomba nimwonyeshe mchoro. Akafuata mstari kwa kidole cheusi, kutoka pampu mpaka tangi, kutoka tangi mpaka pampu.

"Tutavuta bomba la pili," akasema.

Basi. Ila jioni alimwambia Mwaitu, akidhani nimelala, "Huyu mtoto ana macho."

Alhamisi 19 Desemba

Nyaya za hita plagi, zile za kupasha injini moto kabla ya kuwaka, zimefungwa, bomba la ekzosi limechomelewa. Kisilu amefunga mtungi wa dizeli kwenye baiskeli akaenda kuujaza Sultan Hamud. Mulei alimwona akamwuliza kama kuku ameshataga.

Jumamosi 21 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Leo ni siku ya soko, na Nau alichagua leo makusudi. Filta tuliijaza kwa dizeli kidogo tuliyoomba kwenye posho mill ya kusagia mahindi, kisha tukamimina ule mtungi wote kwenye tangi. Watu walijaa mpaka ukuta wa kanisa. Sista Kalondu alikuja na sare yake nyeupe. Mulei mwenyewe alikuja, akasimama mbali, mikono nyuma.

Nau aliwasha hita, akahesabu hadi ishirini kwa sauti, akapiga stata. Mara ya kwanza, moshi. Mara ya pili, moshi mweupe. Mara ya tatu, Mungu wangu! Ile sauti! Nzito, ya kugonga, kama kinu. Nau alikanyaga mafuta na turbo ikapiga mluzi. Watu wakapiga vigelegele. Sista alinikumbatia mimi, sijui kwa nini mimi. Nililia kidogo.

Kisha ikakohoa. Ikatetemeka boneti nzima. Ikashuka, ikapanda, ikashuka, ikafa.

Nau alipiga stata mpaka betri ikachoka. Kisilu akabadilisha betri. Hakuna. Watu walianza kuondoka wawili wawili, wakiongea chini, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Mulei alikuja karibu, akagusa bati la Golf. "Pole, mzee Mutiso," akasema. Ningependa zaidi angetucheka.

"Msomali wa Kambu ametuuzia maiti," Kisilu akasema.

Nau alifuta spana zake moja moja kwa kitambaa, akazipanga kwenye sanduku kuanzia kubwa mpaka ndogo. Hakuwahi kuzipanga hivyo. Mtu hupanga hivyo vitu anavyouza.

Jumapili 22 Desemba

Nau hakwenda kanisani. Mimi nilirudi nikafungua kitabu, sura ya mwisho, matatizo. "Injini inawaka kisha inazima." Sababu ya kwanza: maji ndani ya dizeli.

Maji yangetoka wapi?

Nikarudi nyuma humu daftarini, mpaka tarehe ishirini na tisa Novemba. Nikasoma maneno yangu mwenyewe. *Mtungi mmoja ulikuwa na maji machache yenye rangirangi juu.* Sikuumwaga. Tulienda shamba, nikasahau. Ulikuwa mtungi wa dizeli tuliyooshea injini, na Kisilu alipouchukua kwenda kuujaza alijua dizeli imebaki kidogo ndani, kwa hivyo hata alipousikia mzito hakushangaa. Iliwaka kwa ile dizeli safi ya filta. Maji yalipofika, ikafa.

Ni mimi. Si Mahamud. Ni mimi.

Jumatatu 23 Desemba

Nau ametuma ujumbe Kambu kwa dereva wa lori. Mahamud aje achukue maiti yake. Mwenye buchari ameshauliza bei ya sanduku la spana.

Kitabu kinasema maji yakikaa ndani ya pampu yanaleta kutu, na pampu ikishika kutu basi. Leo ni siku ya pili. Nilienda kwa Nau mara nne. Mara nne nilimwuliza kama anataka chai.

Jumanne 24 Desemba

Mahamud alifika saa nne, na kanzu safi na kofia nyeupe. Hakusalimia kwa haraka. Aliuliza habari za nyumba, za mvua, za mbuzi wetu wawili. Ndipo akasema, "Mutiso, mimi nilikupa neno."

"Neno lako limezimika mbele ya soko zima."

"Ulifungua nini ukaangalia?"

"Nifungue nini? Imekufa."

"Hata wale mbuzi waliokuja nayo walijua," Kisilu akasema. "Ndiyo maana walikuwa wanalia."

Hakuna aliyecheka. Mahamud aliangalia chini. Niliona anafuta vumbi lisilokuwepo kwenye kanzu na nikajua hiyo ni aibu, naijua vizuri, mimi naishi nayo. Ilikuwa yangu na alikuwa ameibeba yeye.

Nilichukua chupa tupu ya jamu na spana ndogo. Nikainama kwenye filta.

"Kalunde, toka hapo, wazee wanaongea," Kisilu akasema.

Nikalegeza skrubu ya chini. Ikatiririka. Nikakinga chupa mpaka ikajaa, nikaifuta kwa sketi, nikaisimamisha kwenye ukingo wa Golf juani. Maji chini, karibu chupa nzima. Dizeli juu, nyembamba kama utando wa maziwa.

"Nau." Sauti haikutoka. "Nau!" Nadhani mpaka kwenye buchari walisikia. "Injini haina makosa. Hii ni mvua. Ni ile mvua ya kwanza. Mimi nilikinga na mtungi wa dizeli, na sikuumwaga."

Nau aliinua chupa akaitikisa, maji yakarudi chini.

"Ulijua lini?"

"Jumapili."

"Leo ni Jumanne."

"Ndiyo, Nau."

Hakunipiga wala hakunigombeza. Alisema tu "Jumanne" tena, polepole, na hilo nitalikumbuka kuliko kiboko. Kisha akavua kofia, akamgeukia Mahamud. "Nimekukosea mbele ya watu. Mbele ya watu hao hao nitasema."

Mahamud alikuwa ameishika chupa sasa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. "Mvua ya kwanza?" akasema. "Wallahi, kwetu Wajir ikinyesha ya kwanza hakuna chombo kinalala ndani. Mama yangu aliwahi kukinga na ngoma ya harusi, bwana harusi amesimama pale! Mutiso, usimlaumu huyu msichana. Mimi ningekinga hata na hiyo injini."

Mwaitu naye akatoka jikoni. "Mimi ndiye nilimwambia asiache chombo hata kimoja. Sasa mnataka kumuuliza nini? Kunyweni chai mfanye kazi."

Nau akafungua sanduku. Akanipa spana, ile nambari kumi na saba, akaniwekea mkononi kabisa.

"Kitabu kinasema nini?"

Nikawaambia. Nilisema nao wakafanya, wazee watatu! Tulimwaga tangi lote na kulikausha kwa kitambaa. Tukapuliza mabomba yote mawili. Mahamud alikunja kanzu akalala chini kama Kisilu. Dizeli safi alitoa kwenye lori lake mwenyewe. Nilijaza filta, nikalegeza nati za mabomba yanayoingia kwenye nozo zinazopulizia dizeli, Kisilu akapiga stata mpaka dizeli ikaruka bila mapovu, nikazikaza moja, mbili, tatu, nne. Mimi. Kwa mkono huu unaoandika.

Iliwaka saa tisa na robo. Ikakohoa, ikatema mawingu ya moshi mweupe, kisha ikatulia. Hatukuizima. Tuliiacha ingurume tukinywa chai kando yake, na kila mtu alikuwa anapiga kelele ili asikike, hata mimi.

Jumatano 25 Desemba

Nau alisimama kanisani kwenye matangazo akasema Mahamud wa Kambu ni mtu wa neno, na kosa lilikuwa la nyumba yake Mutiso. Hakutaja jina langu. Watu waligeuka kuniangalia hata hivyo. Sikuinamisha kichwa. Kusema kweli, karibu nisiinamishe.

Jumamosi 28 Desemba

Mlima wa Kilungu, watu watano ndani ya Golf na gunia la mbaazi kwenye buti. Gia ya tatu. Mwenye buchari alikuwa kiti cha nyuma ili ashuhudie mwenyewe. Kwenye kona ya mwisho turbo ilipopiga mluzi, Nau alimwangalia kwa kioo akauliza, "Kuku anasemaje?"

Jumatatu 30 Desemba

Mvua tena saa nane. Nilipotoka na karai nilimkuta Nau ameketi juu ya mtungi wa dizeli, chini ya paa, mikono kifuani. "Huu hauendi mahali," akasema. Tulicheka mpaka maji yakapita nje ya karai.

Baadaye nilimwambia niliogopa. Akasema, "Na mimi." Miaka kumi na sita nimedhani Nau hajui kuogopa.

Alhamisi 2 Januari 1992

Sista Kalondu ameondoka saa kumi na mbili asubuhi, godoro juu ya paa, kuku wawili nyuma. Alishusha kioo akaniita. "Wewe, daktari wa chuma. Usiache watu waseme wewe ni mnyamavu." Sijui nani alimwambia.

Jumamosi 4 Januari

Dereva wa lori ameleta salamu kutoka Kwa Vonza. Sista alifika siku hiyo hiyo, na jana alishambeba mama mmoja mjamzito usiku kwa njia ya mchanga. Mtoto ni msichana.

Jumatatu shule inafunguliwa. Leo asubuhi nilikuwa nafua sare nyuma ya nyumba niliposikia pikapu ikiingia, inagonga vibaya. Mtu alishuka, sauti ngeni. Akasema anatoka Nunguni, gereji ya Mulei imeshindwa, ameambiwa Kasikeu kuna fundi wa dizeli.

"Yuko?" akauliza.

"Yuko," Nau akajibu kutoka chini ya gari. "Anafua sare za shule. Kalunde!"

Nilienda na povu mpaka viwiko. Yule mtu aliniangalia, akaangalia nyuma yangu kama kuna mwingine anakuja. Zamani ningerudi kwenye karai.

"Inakataa ikiwa baridi," nikamwuliza, "ama ikishapata moto?"

Alimgeukia Nau.

"Umeulizwa swali," Nau akamwambia.